Mega ya nini? Hesabu ya sauti inayosafiri

Neno "mega" limeingia katika Kiswahili chetu cha Kongo bila kupiga hodi. Tunalisikia kwa wauzaji wa yunite kando ya barabara, katika vyumba vya wanafunzi, hata kanisani vijana wa kwaya wanapotumiana nyimbo. "Nipe mega mia tano." "Mega yangu imeisha." "Hapa rezo iko na mega kumi." Kwa mtu anayesoma isimu, sentensi hizi tatu zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mega ya kwanza na ya pili si mega ya tatu. Ni maneno mawili yenye sura moja. Katika makala haya nataka kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyoamua, jioni moja, ni sauti gani ya nkambo yangu ingefika Lubumbashi usiku uleule na ni ipi ingengoja siku sita.

Nianze na neno lenyewe. Mega ni kiambishi awali kutoka Kigiriki, maana yake "kubwa", na katika vipimo husimama kwa milioni moja. Kiambishi kama hicho hudai nomino nyuma yake: milioni moja ya nini? Sisi wasemaji tumeikata nomino na kukipandisha kiambishi cheo. Tulikwisha kufanya hivyo na "kilo". Mama anayeuza unga sokoni akisema kilo mbili, hakuna anayefikiri kwamba anauza unga wa kilomita mbili. Muktadha unatosha, na mizani iko mbele yetu. Tatizo la mega ni kwamba nomino zilizokatwa ni mbili, zinafanana kwa sauti, na zote zinakaa ndani ya simu moja: megabiti na megabaiti.

Biti ni chembe ndogo kabisa ya habari: ndiyo au hapana, 1 au 0. Neno hili lilichapishwa mwaka 1948 katika makala ya Claude Shannon juu ya nadharia ya mawasiliano, na yeye mwenyewe aliandika kwamba lilipendekezwa na John Tukey. Baiti ni kundi la biti, na leo kundi hilo lina biti nane. Neno lake lilibuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz, aliyekuwa akifanya kazi IBM. Alichukua neno la Kiingereza bite, lenye maana ya kung'ata, akaliandika byte, ili mtu akisahau herufi ya mwisho lisigeuke kuwa bit. Hatari ya kuchanganya maneno haya ilionekana tangu siku ya kuzaliwa kwake. Lakini dawa ya Buchholz haikudumu, kwa maana vifupisho viliurudisha ugonjwa: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Jicho huweza kuona tofauti hiyo likiwa makini, ila sikio haliwezi kusikia herufi kubwa.

Sisi tunaosomea kwa Kifaransa tuna bahati fulani. Kifaransa kilichagua neno octet, kundi la nane, na kifupi chake ni Mo. Kwenye karatasi, Mo na Mb haziwezi kugongana. Lakini hakuna anayesema "megaokte" dukani. Tunasema mega, basi, na faida ya Kifaransa inabaki kwenye karatasi.

Mazoea ya biashara yana kanuni moja inayosaidia. Tunapotaja kiasi, yaani kifurushi ulichonunua, ukubwa wa faili au nafasi iliyobaki kwenye kadi, mega ni ya baiti. Tunapotaja mwendo, yaani kinachopita katika sekunde moja, mega kwa kawaida ni ya biti. Kila moja ikikaa katika sentensi yake hakuna ugomvi. Ugomvi huanza siku tunapozikutanisha katika hesabu moja, tukigawanya kiasi kwa mwendo ili kujua muda.

Siku hiyo ilinifikia nikiandaa kazi yangu ya kumaliza masomo. Ninachunguza toni za Kihemba, lugha ya familia ya Kiluba inayosemwa upande wa Kongolo. Katika orodha ya Guthrie imewekwa L34. Msemaji wangu mkuu ni nkambo, mama yake mama. Haoni vizuri siku hizi, lakini kumbukumbu yake ni nzima. Nilipolazimika kurudi Lubumbashi kwa mitihani, nilimwachia mjomba kinasa sauti kidogo, naye akaendelea na kazi: orodha ya maneno ya dakika 24, kila neno mara tatu, kisha hadithi, nasaba na nyimbo za kazi. Jumla ilikuwa saa 8.

Ukubwa wa sauti hizo unajulikana hata kabla ya kuanza kunasa, na hapa mwanafonetiki ana nafasi nzuri kuliko wengi. Kinasa chetu kiliwekwa kuchukua sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 24, kwa njia moja ya sauti. Zidisha 48,000 kwa 24: biti 1,152,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 8: baiti 144,000. Kwa dakika moja ni megabaiti 8.64, na kwa saa moja ni megabaiti 518.4. Saa 8 zinatoa megabaiti 4,147, au giga 4.15. Haijalishi nkambo anasema haraka au ananyamaza akifikiri. Kimya chake kina uzito uleule wa maneno yake.

Mjomba alinipigia simu siku ya Jumatano. "Mpwa, hapa kwetu wametengeneza antena mpya. Wanasema iko mega kumi. Hii kazi yote itapita mbele ya chakula." Mjomba ni mwalimu wa shule ya msingi, na kugawanya kwake hakukuwa na kosa: 4,147 kwa 10 ni sekunde 415, karibu dakika 7. Hesabu ilikuwa sawa. Nomino ndiyo iliyopotea. Nilimwomba radhi kwa kumkatiza, nikamwambia, "Mjomba, samahani, ile kumi ni ya biti." Kila baiti ina biti nane, kwa hiyo mzigo wetu si 4,147 bali ni megabiti 33,178. Ukigawanya kwa 10 unapata sekunde 3,318, yaani dakika 55.

Hata dakika 55 hazikuwa jibu, kwa sababu bango la muuzaji huzungumzia kupokea, na sisi tulitaka kutuma. Njia hizi mbili hazina upana mmoja. Watoa huduma hutenga nafasi kubwa zaidi kwa kupokea, maana watu wengi hupokea zaidi kuliko kutuma. Tena mnara una nguvu nyingi na umeme wake, lakini simu inajibu kwa nguvu ndogo ya betri. Nilimwomba mjomba apime palepale alipo, saa ileile ambayo tungetuma. Kupokea kulikuwa megabiti 6.2 kwa sekunde. Kutuma kulikuwa 0.8. Gawanya 33,178 kwa 0.8: sekunde 41,472, ambazo ni saa 11 na dakika 31.

Kuna punguzo moja tena. Data haisafiri kama maji matupu. Inakatwa vipande, na kila kipande hubeba anwani yake, kama gunia lenye karatasi ya jina la mwenyewe. Vipande vingine hupotea na kutumwa upya. Majirani nao wanaingia njia hiyohiyo jioni. Kwa makadirio yangu mimi huhesabu kwamba asilimia 80 tu ya mwendo uliopimwa ndiyo inayobeba mzigo wetu. Hapo 0.8 inakuwa 0.64, na muda unafika saa 14 na dakika 24.

Tazama tulikotoka: dakika 7 zimekuwa saa 14 na dakika 24, mara 125 zaidi, na hakuna faili lililoongezeka wala antena iliyoharibika. Mara nane ni za nomino iliyokatwa. Mara kumi na mbili na nusu ni za kuchukua mwendo wa bango badala ya mwendo wa kutuma. Robo iliyobaki ni ya njia yenyewe.

Mjomba aliuliza kwa nini basi antena mpya isitusaidie. Watu wa Kongolo hawahitaji mfano wa mbali kuelewa hili. Lualaba ni mpana mbele ya mji, lakini ukishuka kidogo unaingia katika korongo ambalo ramani za Kifaransa huliita Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu. Upana wa mto pale mjini hausaidii maji kupita kwenye korongo. Ndivyo ilivyo kwa faili: linapita simu, mnara, viungo vya kati ya miji, kompyuta ya anayelihifadhi, na muda wake unaamuliwa na sehemu iliyo nyembamba kuliko zote. Siku ile korongo letu lilikuwa kati ya simu ya mjomba na mnara. Kamusi za Kiswahili za kompyuta hutumia "kipimo data" kwa dhana hii. Mimi napendelea kusema "upana wa njia", kwa sababu unamkumbusha msikilizaji kuuliza: upana wa sehemu gani?

Kompyuta tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwalimu mwenzake mjomba, na betri yake ilishika saa tatu. Umeme wa paneli usingetosha kuiwasha usiku kucha. Kwa hiyo saa 14 hazikuwa za kusubiri kwa uvumilivu, hazikuwezekana kabisa. Na kulikuwa na jambo lingine lililonibana zaidi ya masomo. Mdogo wake nkambo anaishi hapa Lubumbashi, na wiki ile alikuwa amelazwa. Dada hao wawili hawajaonana kwa miaka mingi. Kati ya hadithi zilizonaswa kulikuwa na moja ya dakika 9, ambayo mama yao alikuwa akiwasimulia wakiwa watoto, na nkambo alitaka mdogo wake aisikie. Alichukua simu kwa mjomba akaniuliza, "Mujukuu, sauti yangu itafika lini kwa mdogo wangu?"

Swali hilo halijibiwi kwa "karibuni" wala kwa "rezo ikikubali". Nilimwomba dakika chache, nikachukua karatasi. Nilipoanza kuandika niligundua kwamba nilikuwa nikitafuta jibu moja kwa mizigo mitatu tofauti, yenye wasikilizaji tofauti.

Mgonjwa alihitaji hadithi. Hakuhitaji sampuli 48,000 kwa sekunde. Sauti iliyobanwa kama ujumbe wa sauti wa simu huweza kushuka hadi kilobiti 16 kwa sekunde, na mtu bado anaitambua sauti ya dada yake, kicheko chake na pale anapovuta pumzi. Dakika 9 ni sekunde 540. Mara 16 ni kilobiti 8,640, yaani megabaiti 1 na kitu. Kwa njia yetu ya 0.64, ni sekunde 14.

Mimi nilihitaji orodha ya maneno bila kubanwa namna hiyo. Kusema kweli, mwinuko wa sauti wenyewe mara nyingi husalimika katika ubanaji, na toni nyingi zingesikika. Kinachoumia ni mambo ya pembeni: mivumo ya juu ya konsonanti, pumzi, mipaka kati ya sauti na kimya, vitu ambavyo leo sivipimi lakini mwingine atataka kuvipima kesho. Ubanaji wa aina hiyo hutupa, na kilichotupwa hakirudi. Upo ubanaji mwingine, kama FLAC, ambao hukunja tu, na ukikunjua unapata kila sampuli mahali pake. Dakika 24 za orodha zilikuwa megabaiti 207. Baada ya kukunjwa zikawa 124. Mara nane, gawanya kwa 0.64: dakika 26. Tulizikata katika mafaili manane ya dakika tatu tatu, kila moja likihitaji zaidi kidogo ya dakika 3 kupita, ili rezo ikikatika tupoteze dakika chache badala ya kuanza upya.

Saa nyingine zilizobaki, pamoja na nakala ya yote, hazikuwa na haraka. Zilihitaji kufika nzima, na njia yake ilikuwa begi. Mama mmoja wa mtaa wa mjomba huleta mawese Lubumbashi, kwa reli na barabara, na safari yake huchukua siku sita mambo yakienda vizuri. Nilipiga hesabu ya begi lake pia, kwa udadisi. Biti 33,177,600,000 kwa sekunde 518,400 za siku sita ni biti 64,000 kwa sekunde kamili: upana uleule wa mkondo mmoja wa sauti katika simu ya dijiti ya kizamani. Ni njia nyembamba. Lakini kadi ile ilikuwa ya giga 64, na ingejazwa yote, begi la mama lingebeba karibu megabiti 1 kwa sekunde, zaidi ya simu ya mjomba. Kasoro yake ni kwamba biti ya kwanza inafika siku ya sita pamoja na ya mwisho. Upana ni jambo moja, na muda wa kusubiri tone la kwanza ni jambo jingine. Neno "kasi" huficha yote mawili chini ya nguo moja.

Afrika Kusini walilionyesha hili mbele ya watu mnamo Septemba 2009. Kampuni moja ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya giga 4 akaruka kutoka Howick hadi Durban, kilomita zipatazo 80, huku data ileile ikitumwa kwa waya. Njiwa aliruka kwa saa 1 na dakika 8. Pamoja na kunakili kadi, kazi ilikwisha baada ya saa 2 na dakika 7 hivi. Waya ulikuwa umefikisha asilimia 4. Watu walicheka. Ukipiga hesabu, njiwa yule alikuwa na upana wa megabiti 4.2 kwa sekunde, mara tano ya njia yetu ya kutuma.

Basi nilimjibu nkambo hivi: "Hadithi itafika sasa hivi, mbele hujamaliza kunywa chai. Maneno yatafika leo usiku. Mengine yote yatakuja na mama wa mawese, baada ya juma moja." Niliongeza siku moja juu ya sita, kwa sababu ahadi kwa mkubwa haipaswi kukaa ukingoni. Hadithi ilifika, niliipeleka hospitalini asubuhi na mgonjwa aliisikiliza mara mbili, ya pili akisema maneno ya mwisho wa kila sehemu pamoja na dada yake. Orodha ya maneno ilichukua dakika 31 badala ya 26; faili moja lilikatika katikati na likarudiwa. Kadi ilifika siku ya saba.

Mwenzangu mmoja aliichomeka kwenye kompyuta yake akashtuka: ilionyesha 3.86, si 4.15. Aliogopa kwamba hadithi fulani imebaki njiani. Hakuna kilichopotea. Kompyuta yake huhesabu giga kwa 1,073,741,824, yaani 2 ikizidishwa mara 30, huku nyingine zikihesabu kwa bilioni moja kamili. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, liliweka viambishi vipya, kibi, mebi na gibi, ili kutenganisha hesabu hizi mbili. Wasemaji hawakuvipokea. Wanaisimu hawatashangaa: neno jipya halishindi kwa sababu tu ni sahihi. Tulilinganisha idadi ya baiti, tarakimu kwa tarakimu, na zililingana.

Katika somo letu la mbinu za utafiti tunafundishwa kuandika jina la msemaji, umri, mahali, tarehe na kinasa kilichotumika. Ningependa tuongeze mistari minne, tuijaze kabla ya kuondoka nyumbani kwa msemaji: ukubwa wa mafaili kwa baiti; ukubwa huo mara nane; mwendo wa kutuma uliopimwa mahali hapo na saa hiyo; na muda, baada ya kupunguza robo moja hivi ya matumaini yetu. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Na tunapoulizana wenyewe kwa wenyewe, tuitaje nomino yote: megabiti kumi, megabaiti mia tano. Ni silabi chache zaidi.

Kila tunaponasa sauti ya mzee, tunamwahidi kitu, hata tusiposema. Anatuachia saa zake akiamini kwamba zitafika mahali. Anapouliza lini, tunaweza kumjibu kwa hesabu. Juma lijalo mjomba ananasa nyimbo za mavuno, saa mbili hivi. Nimekwisha kumwambia: megabaiti 1,037, kutuma saa 3 na dakika 36, betri haitoshi, ampe mama wa mawese.